Ufa wa Upande wa Kanisa

Élisabethville, Cité Albert
Tarehe 9 Mei 1948

Kwa shemeki Zéphirin, Pweto,

Salamu nyingi kwako, kwa Madeleine na kwa mama mkwe. Barua hii anaileta Mwansa, dereva wa lori ya samaki. Ameniahidi kwamba hataisahau Kasomeno kama ile ya Pasaka.

Mimi ni mzima. Tangu tumzike Alexis ni miezi minane. Asubuhi bado natoa vikombe viwili, halafu narudisha kimoja. Sikuambii ili unihurumie. Nakuambia kwa sababu wewe ni mdogo wake, na hapa mjini hakuna mwingine aliyemjua akiwa bado na meno yote mawili ya mbele.

Naandika kwa ajili ya fonteni. Unaikumbuka, ile chemchemi ya mawe katika bustani ya masista, hapa ninapopiga pasi nguo za altare. Wewe na Alexis mliijenga mwaka wa 1939. Tangu mwezi wa tatu maji yake yanapungua. Bakuli lina nyufa tatu sasa: mbili ndogo upande wa jikoni, na moja kubwa upande wa kanisa.

Jumatatu Frère Clément, anayesimamia majengo, alikuja kuiangalia pamoja na Mamère Mkubwa, mkuu wa masista. Mimi nilikuwa naanika mashuka karibu nao. Alilipiga bakuli kwa ncha ya kiatu, akasema kwa Kiswahili, ili watu wa bustani wasikie:

"Ni kazi ya ule Mukuka. Nilijua tu. Tutaivunja, mawe tutaponda, tutatia mu njia."

Niliweka shuka chini. Shemeki, unanijua, mimi si mtu wa kelele. Lakini nilisema:

"Bwana Frère, ule Mukuka iko na jina. Ni Alexis. Na kazi yake haiko mubaya. Iko mugonjwa tu."

"Na nani ataiponyesha? Mwenyewe alishakufa."

"Miye."

Watu walicheka. Désiré, mtunza bustani, alicheka mpaka akashika ukuta. Mamère hakucheka. Alisema nina siku hadi sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, tarehe 15 ya mwezi wa nane. Siku hiyo bakuli likiwa limeshika maji tangu jana yake, fonteni itabaki. Likiwa limevuja, nyundo.

Alexis hakuniachia mtoto. Aliniachia mwiko wa uashi, patasi mbili, nivo ile ya mbao ya kupimia usawa, na fonteni. Hakuna kitu kingine katika mji huu ambacho mtu anaweza kukigusa na kusema, huyu alipita hapa. Kwa hiyo nakuomba uniandikie. Mchanganyiko wake ulikuwa chokaa kiasi gani na unga wa matofali kiasi gani? Na ufa unajazwa wakati gani? Nilimwona akichanganya mara nyingi, lakini nilikuwa naangalia uso wake, sikuangalia ndoo.

Ni mimi,
Constance


Pweto
Tarehe 30 Mei 1948

Mama Constance, mke wa kaka yangu,

Mwansa amefika na lori tupu, lakini barua yako inanuka samaki kuliko samaki wenyewe. Nimeisoma mara mbili. Mama nilimsomea mara moja, na maneno ya Frère niliyaruka, kwa sababu ya moyo wake.

Sasa nisikilize. Ni nani aliyekuambia mwanamke anatengeneza mawe? Utapanda juu ya fonteni na kitenge chako, masista wakikutazama kwa chini? Watu wa hapa wakisikia, watasema wanaume wa ukoo wa Mukuka wamekwisha wote, wamebaki wapiga pasi.

Mambo yako hayako huko, yako hapa. Mume akifa, ukoo unamrudisha mjane, unakijaza kiti cha marehemu. Ndiyo kupyana, hata wewe ulizaliwa ukaikuta. Kiti cha Alexis nitakikalia mimi. Nakutumia uzi wa shanga nyeupe, alama ya kurudishwa, mama ameutunga kwa mikono yake ingawa macho yake hayaoni tena sawasawa. Uuvae mkononi, upande lori, uje. Madeleine hajakataa. Vyombo vya Alexis uvitie katika gunia uje navyo. Ule mwiko ulikuwa wa baba yetu, si wa nyumba ya mtu mmoja.

Kuhusu mchanganyiko, sina la kuandika. Fonteni ni mawe. Waache waivunje. Alexis hayumo ndani ya mawe.

Nimekuwekea kifurushi cha samaki mkavu. Usiwagawie majirani, wale watu wa Cité hawarudishi kitu.

Nakungoja kabla ya Juni kwisha.

Zéphirin


Élisabethville
Tarehe 13 Juni 1948

Shemeki Zéphirin,

Samaki wamefika, asante sana. Niliwagawia majirani.

Uzi wa shanga umefika pia. Ni shanga ishirini na moja. Mshukuru mama, niliutambua mkono wake, anapenda fundo lake liwe mara tatu. Sijauvaa. Umo mfukoni mwa koti la Alexis, nyuma ya mlango.

Unasema Madeleine hajakataa. Ulimuuliza kabla hajala au alipomaliza? Na padri wa Pweto, naye hajakataa? Jumapili wewe ndiwe unayesimama kusoma somo mbele ya watu. Siku utakapokuwa na wake wawili, nani atasoma?

Sitakuja. Nasema taratibu, kama ninavyopitisha pasi juu ya nguo nyembamba, lakini nasema. Sitaki kiti chake kikaliwe. Kiti chake ni cha mbao, kiko hapa, mguu mmoja ni mfupi, na mimi ndimi ninayejua jinsi ya kukikalia bila kuanguka.

Ulikataa kuniandikia mchanganyiko, basi niliutafuta. Nilikumbuka kucha zake. Jumapili, hata baada ya kuoga mara mbili, chini ya kucha palikuwa pekundu. Nikajua ni matofali ya udongo wa kichuguu, yale yanayochomwa mpaka yanalia ukiyagonga. Nimeyaponda katika kinu changu, nimeyachuja kwa chandarua cha zamani. Chokaa nimeiloweka katika pipa tangu nilipokuandikia. Halafu nilifanya vibonge sita, kila kimoja kwa kipimo chake, nikaviacha vikaze, nikavitia katika ndoo ya maji. Vitano viligeuka uji. Cha sita, chokaa moja na unga mbili, bado kiko kizima, nimekikanyaga kwa kisigino. Kwa hiyo sikuhitaji ukoo, nilihitaji ndoo.

Limebaki jambo moja ambalo ndoo haiwezi kuniambia. Ufa unajazwa saa ngapi? Alexis hakujaza saa yoyote tu, hilo nalijua. Kama ulimpenda, nijibu hilo moja.

Constance


Pweto
Tarehe 27 Juni 1948

Mama Constance,

Una kichwa kigumu. Kaka yangu alikuwa akiniambia, nami nilidhani anajisifu.

Nitakujibu, ili baadaye usiseme nilikunyima. Jaza saa sita ya mchana, jua likiwa juu ya kichwa, jiwe likiwa moto na kavu. Hapa Pweto ndivyo tunavyofanya, na ukuta wa sokoni niliujenga hivyo, umesimama.

Jaza zile mbili za upande wa jikoni. Ule wa upande wa kanisa usiuguse. Ni ngozi tu ya jiwe, hauendi ndani. Upake kwa juu, utoshe. Usiuchimbe. Nasema tena, usiuchimbe, utaangusha bakuli zima na Frère atafurahi.

Ukishindwa, hakuna aibu. Lori ya Mwansa inajua njia. Mama anauliza kila siku kama umeuvaa uzi.

Zéphirin


Élisabethville
Tarehe 14 Julai 1948

Shemeki Zéphirin,

Nilifanya kama ulivyosema. Saa sita, jua juu ya kichwa, nguo yangu ya kichwa ililowa jasho ingawa ni Julai. Nilijaza nyufa mbili za upande wa jikoni, na ule wa kanisa niliupaka juu tu. Jumamosi jioni tulitia maji. Jumapili baada ya misa yalikuwa yamebaki kama ya kunywesha kuku. Kazi yangu ilikuwa imelegea ndani ya nyufa kama jino la mtoto.

Frère Clément alikuja na watu wake.

"Mama Constance, maji yako iko wapi?"

"Imeenda kutembea, Bwana Frère. Itarudi."

Safari hii Désiré alicheka tena, lakini hakuwa ananicheka mimi, na Frère alimgeukia mpaka akanyamaza. Halafu akaniambia kwa sauti nzuri, kama mtu anayempa mgonjwa peremende:

"Bon. Nitakupa simenti ya Ulaya. Siku moja tu, kwisha."

"Hapana, Bwana Frère."

"Juu ya nini hapana?"

"Juu bwana yangu hakuitumiaka pale."

Aliondoka akitikisa kichwa. Nami nilikwenda nyumbani, nikalia, nikapika, nikala. Hilo nalo nakuandikia ili ujue nilikula.

Jumatatu nilirudi kabla ya kengele ya kwanza. Baridi ilikuwa ile ya kwetu, majani yamekuwa meupe. Nilivaa koti la Alexis. Nilikaa ukingoni mwa bakuli nisali, rozari nimeisahau, basi nikatoa uzi wenu wa shanga, nikawa nahesabu Salamu Maria kwa shanga za ukoo. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Fundo la mama likafunguka, ushanga mmoja ukadondoka, ukaingia katika ufa wa upande wa kanisa, pale nilipopaka pakiwa pamebanduka. Uliingia bila kugusa pembeni, kama sarafu ndani ya sanduku la sadaka. Nilikaa robo saa nikiutoa kwa kipini cha nywele.

Mchana, nilipomaliza kupiga pasi, nilirudi kumwonyesha Désiré pale ulipoingia. Ushanga uleule, ufa uleule. Haukuingia. Nilisukuma kwa kidole, haukuingia. Jana alfajiri uliingia, mchana ulikataa. Leo vilevile.

Shemeki, jiwe likipata joto linavimba na ufa unabana. Likipata baridi linajikunja na ufa unafunguka. Mimi nilijaza ukiwa umebana. Usiku ulipofunguka, kazi yangu ikabaki peke yake katikati, maji yakapita kushoto na kulia. Ungejazwa alfajiri, ukiwa wazi kabisa, jua lingekuja lenyewe kuukaza.

Pweto hakuna baridi kama hii. Huko ziwa linawafunika kama blanketi. Basi ulisahau. Nataka kuamini kwamba ulisahau.

Alexis aliniambia, nami sikusikia. Alikuwa akisema, "Jiwe likisikia baridi linafungua kinywa." Nilidhani ananitania mimi, kwa kuwa nilikuwa nanung'unika. Kila mwaka mwezi wa Juni kulikuwa na wiki moja ambayo alitoka kabla ya mapambazuko, haniambii anakwenda wapi. Anarudi na kikohozi, na macho ya mtu mwenye siri. Shemeki, nitakuandikia jambo ambalo sijamwambia hata padri sawasawa. Nilifikiri ana mwanamke. Mwaka wa 1943 nilificha koti hili ili asiende. Alikwenda bila koti. Aliporudi hakuniuliza liko wapi, alikaa tu karibu na moto, mikono ndani ya makwapa, akaniambia chai yangu ni tamu.

Sasa naona alikuwa anakwenda kwenye baridi, si kwa mtu. Lakini alikuwa anafanya nini?

Kesho nachimba upande wa kanisa. Najua ulisema nisiuchimbe. Ndiyo maana nakuarifu.

Constance


Élisabethville
Tarehe 25 Julai 1948

Shemeki,

Hujajibu. Mwansa anasema alikukabidhi barua mkononi, ukaisoma umesimama, ukaingia ndani.

Nimechimba. Si ngozi. Ufa unashuka hadi jiwe la chini.

Viungo vyote vya fonteni ile ni vyekundu, kama kucha zake. Upande wa kanisa, mawe matatu, ndani ni kijivu. Ni simenti. Juu ya ile simenti, katika mdomo wa ufa, kuna tabaka jembamba jekundu, na juu yake lingine, na lingine, kama maganda ya kitunguu. Nilitoa moja baada ya moja kwa patasi ndogo. Ni manane. Fonteni ilimalizika 1939. Juni ya 1940 hadi Juni ya mwaka jana ni Juni nane. Septemba alikufa. Tangu hapo hakuna aliyeuangalia, ufa ukaonekana.

Basi huyo ndiye mwanamke wake.

Nilikaa ndani ya bakuli, miguu juu ya mawe, nikacheka peke yangu mpaka sista mmoja akatoka kuniangalia. Halafu nikakumbuka jambo lingine dogo. Mwaka ule mlipokuwa mnajenga, mlikuwa mnakula kwangu. Niliwamwagia maji mikononi. Kuna wiki moja Alexis alilala na homa na wewe ulikula peke yako. Maji yaliyotoka mikononi mwako wiki ile yalikuwa ya kijivu. Nilidhani ni majivu.

Sikuulizi kitu. Kesho alfajiri natoa simenti yote, najenga mawe yale matatu upya kwa mkono wangu. Nimebakiza siku ishirini na moja. Ninazihesabu kwa shanga zenu.

Constance


Pweto
Tarehe 5 Agosti 1948

Dada Constance,

Barua hii naandikia kanisani, kwenye meza ya somo, kwa sababu nyumbani mama ananiuliza mbona sili.

Ni mimi. Alexis alipokuwa na homa, Frère Clément alikuja akakuta kazi imesimama. Akaniambia, wewe unajua, maliza upande wa kanisa, tunataka maji kabla ya ziara ya Askofu. Nikamwambia unga wa matofali umekwisha na kaka yangu ni mgonjwa. Akaleta mfuko wa simenti mwenyewe, juu ya baiskeli. Alisema nikimaliza kwa siku tatu atanifanya kapita, msimamizi wa kikosi. Shemeki, nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilitaka kaka yangu anione nikiwa nimeshika karatasi ya kapita. Nilimaliza kwa siku mbili.

Alexis alipopona alikwenda kuangalia. Aligonga mawe kwa kidole, moja, mbili, tatu, kama mtu anayebisha hodi. Alinitazama. Nikamwambia, "Yaya, kaka yangu, iko nguvu kuliko ya kwako." Akasema, "Ndiyo. Iko nguvu. Itavunja jiwe." Hakusema lingine hata siku moja. Nilidhani amekosea. Baada ya baridi ya kwanza nikaona mstari mwembamba kama unywele, nikaogopa, nikaomba ruhusa ya kurudi Pweto. Ukapita mwaka, na mwaka, hakuna aliyelalamika. Nikajiambia basi nilikuwa sawa mimi. Mpaka barua zako za Julai sikujua kwamba alikuwa akirudi kila Juni kunifunika.

Angesema, wangenifukuza, na Frère angesema sisi sote wawili ni wamoja. Alinyamaza miaka minane kwa ajili yangu. Na mimi nilitaka ivunjwe ili isichimbwe. Nilitaka uje huku haraka ili usichimbe. Nilikuambia saa sita ya mchana. Unasema unataka kuamini nilisahau. Nusu nilisahau. Nusu nyingine nakuachia.

Ukoo haujui. Mama hajui. Nakuomba usiwaambie. Kuhusu uzi wa shanga, sitaandika tena habari zake. Fanya unavyoona. Madeleine alikuwa amekataa tangu siku ya kwanza, kwa ufagio.

Umefika wapi? Lori likifika, nitumie hata neno moja.

Zéphirin


Élisabethville
Tarehe 22 Agosti 1948

Shemeki Zéphirin,

Neno moja ni hili: linashika.

Sasa yanafuata mengine, maana unanijua, nikianza kuandika.

Barua yako ilifika kazi ikiwa imekwisha jengwa. Simenti yako ilinichukua alfajiri nne kuitoa, ilikuwa imeng'ang'ania kama kupe. Mawe yale matatu niliyainua na Désiré. Yeye alijitolea mwenyewe, alisema amechoka kucheka. Nilijenga kabla ya jua, vidole vinauma, na kila nilipomaliza kiungo nilifunika kwa magunia yenye maji, kwa sababu mchanganyiko ule ukikauka haraka unapasuka. Asubuhi maji, mchana maji, jioni maji. Masista walisema nalisha mtoto.

Frère Clément alipita mara mbili. Mara ya pili alisema, "Unapoteza wakati, mama."

Nikamwambia, "Ni wakati yangu, Bwana Frère. Acha niipoteze."

Tarehe 14 jioni tulijaza. Nilitia alama kwa mkaa pale maji yalipofika, nikaenda nyumbani. Nililala, hiyo ni kweli, nililala kama mtu aliyekwisha kusema yote. Asubuhi baada ya misa ya sikukuu walikuja wote: Mamère Mkubwa, masista, Frère, watu wa bustani, wanawake wa Cité waliokuwa wamesikia. Maji yalikuwa kwenye alama yangu, yameigusa kama ulimi. Hayakupungua hata upana wa kucha.

Mamère alisema kwa sauti, "Ni nzuri sana." Akamgeukia Frère, akamuuliza aandike nini katika daftari la nyumba, nani ametengeneza.

Frère akasema, "Andika, kikosi yetu ya ujenzi."

Shemeki, nilisogea karibu na daftari. Nilisema:

"Mamère, andika hivi. Fonteni ilijengwa na Alexis Mukuka, muashi. Ilitengenezwa na Constance, muke yake. Na kama Bwana Frère anataka jina yake iandikwe pia, aandikwe kwa mufuko ya simenti yenye alileta juu ya baiskeli yake mu mwaka ya 1939. Miye niliitoa yote. Iko kule nyuma ya jikoni, mu ndoo tatu. Anaweza kuihesabu."

Frère alikuwa mwekundu, kisha mweupe. Alisema ana kazi misioni. Hakuomba radhi, na sitadanganya kwamba aliomba. Lakini alipopita karibu na bakuli aliweka mkono juu ya jiwe la upande wa kanisa, akaubakiza kidogo, halafu akaenda. Mamère aliandika maneno yangu kama nilivyoyasema, ila habari ya mfuko aliiacha. Nilisimama karibu yake hadi nukta ya mwisho.

Jina lako sikulitaja. Alexis alinyamaza kwa ajili yako miaka minane, siwezi kulifungua kinywani mwangu kwa asubuhi moja. Ukoo sitauambia. Lakini wewe, siku moja, mwambie mama. Yeye ndiye aliyetunga uzi ambao ulinionyesha ufa. Ana haki ya kujua ulifanya kazi gani.

Uzi nakurudishia kwa mkono wa Mwansa. Sikuuvaa na sitauvaa. Mwambie mama ahesabu: ni shanga ishirini. Asifikiri nimepoteza. Ule wa ishirini na moja niliuweka ndani kabisa ya ufa kabla ya kuujaza, chini ya jiwe la katikati, pale alipokuwa akiweka mkono wake kila Juni. Ukoo ulitaka nirudishwe. Basi mmeshapata kitu kimoja kilichorudi kwa Alexis, na kinatosha.

Vyombo vinabaki hapa. Najua mwiko ulikuwa wa baba yenu. Lakini Mamère ameniuliza kama naweza kuangalia ukuta wa jikoni, nao una ufa, na Juni ijayo nitapaswa kutoka alfajiri kuangalia fonteni kama mwenyewe alivyofanya. Mwiko una kazi. Ukija Élisabethville, nitakuazima ushike, tutajaza pamoja, na nitakupa koti.

Asubuhi bado natoa vikombe viwili. Cha pili nimeacha kukirudisha. Nakibeba hadi bustanini, nachota maji ya fonteni, nakunywa nikiwa nimesimama. Ni maji ya baridi, yana ladha ya mawe kidogo. Unisalimie Madeleine, na ufagio wake.

Mwezi wa kumi na moja, siku ya marehemu wote, utasimama tena mbele ya watu wa Pweto kusoma majina. Ukifika kwa Alexis, usisome jina peke yake. Sema, Alexis Mukuka, muashi. Na siku jina langu likifika, nami unikumbuke hivyohivyo.

Constance